Nguruwe Niliyempiga Bila Kuuliza

Nina siku moja ya Oktoba ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na baba yenu asisikie. Nilikuwa nimekaa juu ya mti, upinde mapajani, soksi jozi tatu miguuni, nikimsubiri kulungu. Wakaja nguruwe.

Lakini nianze na Mama Gulshan, maana bila yeye nisingejua hata upinde unashikwaje. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mimi nina miaka ishirini na tisa, nimetoka Songea na kufikia Weston, huku Kanada, ghorofa ya tisa, kazi yangu ni zamu za kiwanda cha mikate kule Rexdale. Mlango wa pili alikaa Mama Gulshan, Mwismailia mzaliwa wa Tabora, mjane, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wawindaji wa upinde. Bega lake lilipogoma, akasema ni dhambi upinde mzuri kukaa kabatini, akanifundisha mimi. Alinifundisha mwaka mzima, na mdomo wake haukuwa na huruma, mpaka nikapata kibali changu cha kuwinda.

Tulikuwa tukiwinda kwenye shamba la Bwana Walter, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Mzee huyo alikuwa rafiki wa marehemu kwa miaka thelathini, na hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuwinda kwake. Nikimwangusha kulungu, Mama Gulshan huja na kisu chake, bismillahi, anamchinja, ili ghorofa yetu nzima ile pilau moja, Mwislamu na Mkristo. Pilau hiyo watu waliisubiri tangu kiangazi. Wengine walikuwa hawanisalimii mwaka mzima, lakini ikifika Oktoba wananifungulia mlango wa lifti.

Asubuhi ya siku hiyo, ndani ya gari, Mama Gulshan akaniambia, "Kuna nguruwe mwitu wanapita kwa Walter siku hizi. Tukiwaona, tuwaache wapite."

"Sawa, Mama," nikajibu, na moyoni nikacheka. Nilijua sababu yake. Yeye Mwislamu, nguruwe ni haramu kwake, anaogopa nisije nikalitia gari lake najisi. Mimi Mkatoliki wa Songea, kitimoto nimeacha kunyonya nikakikuta mezani. Nikajiambia kwamba katazo hilo linamhusu yeye na Mungu wake. Sikuuliza neno hata moja, mwanangu, na wahenga walikwisha kusema kuuliza si ujinga.

Basi nguruwe wakaja alasiri, sita, weusi, wakifukua ukingo wa shamba la mahindi. Hapo sikuwa tena Kanada. Utoto wangu niliumalizia juu ya ulingo nikilinda mahindi ya baba, na baba alikuwa na sheria moja tu: nguruwe akiingia shambani, usimwonee haya. Usiku mmoja wa nguruwe ni njaa ya mwaka. Nikayaona mahindi ya Bwana Walter, nikamwonea huruma. Nikalikumbuka pia neno la Mama Gulshan, sitakudanganya. Nililishika kama unavyoshika sahani ya moto, kisha nikaliweka chini. Nikavuta upinde.

Mmoja akaanguka palepale. Watano wakatawanyika, wengine msituni, wengine ng'ambo ya barabara kwenye mashamba ya watu. Nikashuka mtini natabasamu, nangoja sifa.

Mama Gulshan akaja na fimbo yake. Hakumtazama nguruwe. Alitazama nyayo.

"Wamebaki wangapi?"

"Watano."

"Wameelekea wapi?"

"Kila mmoja kivyake."

Akakaa juu ya gogo. Ndipo akaniambia kwamba Bwana Walter alikuwa amejenga zizi la chuma kule nyuma ya kijito, na kwa wiki tatu alikuwa akiwamwagia nguruwe wale mahindi ndani yake, mlango wazi, wazoee, ili siku moja wakiingia wote awafungie. Ukimpiga mmoja, waliobaki wanaerevuka na kusambaa, na shida ya shamba moja inakuwa shida ya mashamba kumi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia tuwaache."

"Nilidhani ni mambo ya dini, Mama."

"Binti, ni Krismasi gani umekaanga kitimoto chako, mlango kwa mlango na wangu, mimi nikakunja uso? Umekula kwangu miaka minne na bado unadhani kila nikifungua mdomo ni msikiti unaosema."

Niliona aibu, mwanangu. Aibu ya nguruwe ilikuwa ndogo. Iliyoniuma ni kwamba nilimpenda mwanamke yule na bado nilikuwa nimemweka ndani ya kisanduku kimoja, nikafunga kifuniko.

Kisha nikaongeza upumbavu juu ya upumbavu. Nikasema tumfukie yule nguruwe, tunyamaze. Akainuka. "Msema kweli mpenzi wa Mungu. Utakwenda kumwambia Walter mwenyewe. Akitufukuza, ametufukuza." Aliyasema hayo akilitazama shamba, nami nikaelewa. Shamba lile ndipo mahali pekee ambapo mumewe alikuwa bado akitajwa kila siku. Na mimi ndiye niliyeliweka rehani.

Bwana Walter alinisikiliza jikoni kwake, kofia yake mkononi. Mwishowe akasema, "Kazi yote ianze upya. Unaweza kubeba ndoo?"

Nikabeba ndoo. Jumamosi sita, nikitoka zamu, Mama Gulshan akiendesha, mimi nasinzia. Tulilihamisha zizi, tukamwaga mahindi, tukasubiri. Wiki mbili hakuna hata unyayo. Ya tatu, unyayo mmoja. Ya tano, wote watano. Upinde wangu ulikuwa kabatini, na msimu unakwisha.

Jumamosi ya sita Bwana Walter mwenyewe akaniambia niuchukue upinde, nipande mtini, huenda kulungu akapita. Akapita kweli, mwanangu! Dume, pembe kama matawi, hatua ishirini, amenigeuzia ubavu. Na wakati huohuo, kule zizini kulikoonekana kutoka mtini, nguruwe wakaanza kuingia. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Jike kubwa likabaki mlangoni, linanusa.

Nikauona mshale, nikaiona pilau, nikaziona nyuso za ghorofa nzima. Kulungu nilikuwa na haki naye, hakuna aliyenikataza. Lakini mshale ukilia, jike litakimbia, na hao wengine nyuma yake. Nikaushusha upinde polepole. Kulungu akatafuna jani, akanitazama kama jirani, akaondoka zake. Jike likaingia. Kamba ikavutwa, mlango wa chuma ukaanguka kwa kishindo, na nikasikia Bwana Walter, mzee wa miaka sabini, akipiga kelele za furaha kutoka ghalani.

Ghorofa ya tisa ilikula pilau ya kuku mwaka ule, na maneno niliyasikia. Lakini Bwana Walter alinipa paja zima la nguruwe, na aliyelibeba kwenye gari lake hadi Weston ni Mama Gulshan, limefungwa mifuko minne, madirisha wazi kwenye baridi ile, akinitania njia nzima. Tulipokuwa tunaagana shambani, Bwana Walter alinishika mkono mimi kwanza. Akasema, "Mwakani mje mapema." Mama Gulshan akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya shali.

Basi mwanangu, unanijibu kwa Kiingereza lakini najua unanisikia. Ukikatazwa jambo na mtu anayekupenda, usijitungie sababu yake kwa kutazama nguo yake, jina lake au mahali anaposali. Muulize. Na ukiingia shamba la mtu, hata kama mkono wako ni hodari na nia yako njema, tafuta kwanza kujua mwenye shamba ameshaanza kazi gani. Subira yavuta heri, ila subira ya mwenzako huwezi kuiona mpaka uulize.

Mungu akujalie majirani wasioogopa kukukataza. Akujalie ulimi wa kuuliza kwa nini, na mkono unaoweza kushusha upinde. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukuendesha Jumamosi sita, wewe umesinzia pembeni yake.