Ubaridi wa Chumba cha Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni wa karakana ya serikali pale Musoma alinipa kitambaa, akaniambia nisafishe friji bovu. Nilisugua mpaka likang'aa. Aliporudi akalitazama, kisha akaniuliza, "Sasa linagandisha?"

"Hapana, mzee."

"Basi lifungue."

Nilikuwa kijana kutoka Gorong'a, kwetu ng'ombe na mahindi. Kitu pekee cha baridi nilichowahi kushika kilikuwa mvua ya mawe. Fomeni, mtu wa Tanga asiyepandisha sauti, alinionyesha kompresa, ile pampu nyeusi inayosukuma gesi kwenye mabomba. "Mura," aliniambia, yaani kijana, neno alilojifunza kwa watu wa kwetu, "hakuna mashine inayotengeneza baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje, basi." Nilikaa chini yake miaka kadhaa, nikajifunza kuchomelea bomba la shaba na kusikiliza mota kwa bisibisi iliyowekwa sikioni.

Kisha nikahamishiwa Tarime, kutunza majokofu ya hospitali, na kila nilipoitwa, kwenda Mugumu. Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehama kutoka mashambani kwao, wanajenga upya, na madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Vipuri ndiyo usiseme. Katika stoo yetu yote ilibaki kompresa moja nzima.

Siku moja wakati wa kiangazi, Mhandisi wa Mkoa aliniita. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Ndugu Fundi, Bwana Mifugo kule Mugumu analalamika. Mashine yake ya ubaridi ya nyumbani imekufa. Nenda ukaitazame. Lakini ile kompresa usiiguse. Ni akiba ya jokofu la damu."

Njiani nilikuwa na hasira. Wenzetu wanalala kwenye vibanda vya nyasi, mimi natumwa kupoza sebule ya mkubwa. Bwana Mifugo huyo alikuwa mgeni kutoka Bukoba, akiishi upande wa Morotonga katika nyumba iliyoachwa na daktari wa mifugo wa kizungu. Jenereta ya kutunza chanjo za ng'ombe ilikuwa hapo jirani, na waya mmoja ulikwenda nyumbani kwake. Nilipouliza njia, mama mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi uani kwake, Mama Ghati, alinielekeza kwa kidevu. "Wale wa upepo wa kununua? Nyumba ile. Mtoto wao hata kucheza na wenzake hawamruhusu."

Mke wa Bwana Mifugo alinipokea mlangoni, mikono imelowa maji. Hakunipeleka sebuleni. Alinipeleka chumba cha nyuma, na humo sakafuni, juu ya shuka mbichi, alikuwa amelala msichana mdogo. Nywele zake zilikuwa chache na laini kama za mtoto mchanga. Uso ulikuwa mwekundu, anahema haraka.

"Shikamoo," akasema taratibu. Meno yake yalikuwa machache, yenye ncha.

"Marahaba, mwanangu. Una malaria?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Neema hatoki jasho, baba. Alizaliwa hivyo. Joto likiingia mwilini halina pa kutokea. Mwaka jana alipoteza fahamu nikadhani nimemzika. Daktari alisema dawa hakuna, tumweke mahali pa baridi tu."

Nilifungua mashine ile ya dirishani nikijua nitakachokikuta. Jenereta ilikuwa imechoka, umeme wake dhaifu, na kompresa ikilazimishwa kuanza kwa umeme dhaifu huungua. Ilikuwa imeungua. Harufu yake ilinitosha.

Nilikwenda polisi kuomba simu ya upepo, nikamweleza Mhandisi habari za mtoto na kuiomba ile kompresa. 

"Tarime leo kuna mama anayejifungua kwa kisu," akasema. "Bila damu atakufa, na jokofu lile linaweza kuzima wakati wowote. Nikikupa wewe, nimnyime yeye?"

"Hapana, Mhandisi."

"Fikiri kitu kingine."

Sikumchukia, maana alisema kweli. Nilirudi Morotonga, na Bwana Mifugo alipotoka kazini nikamwambia kwamba mashine imekufa. Alikaa kwenye ngazi, kofia mapajani. Mkewe alikuwa ndani akimwagia mtoto maji kwa kikombe, nasi tulimsikia Neema akisema, "Mama, sasa afadhali."

Maji yale ndiyo yaliyonizindua. Feni ya mashine ilikuwa bado nzima, na feni haihitaji umeme mwingi. Na upepo wa Serengeti wakati ule ni mkavu, unakausha nguo kabla hujamaliza kuanika nyingine. Upepo mkavu ukipita kwenye kitu kibichi hupoa. Niliing'oa kompresa na mabomba yake, nikabakiza boksi na feni. Upande wa nje nikatundika magunia ya katani, na juu yake nikafunga mpira wa maji niliotoboa vitundu, ukitoka kwenye pipa. Maji yakawa yanatiririka kwenye magunia, feni inavuta upepo kupitia humo. Jioni ile chumba kilikuwa na harufu ya katani mbichi, na Neema alikaa kitako akaomba uji.

Tatizo likabaki maji. Pipa lilikwisha upesi na kisima kilikuwa mbali. Asubuhi nilimkuta Mama Ghati amesimama nje akitazama magunia yale. Nikamweleza ni ya nini.  Aliingia, akamgusa mtoto shingoni kwa kiganja, akakiacha pale muda mrefu. Alipotoka alimwambia mama yake Neema, "Mbona hukutuambia?"

"Niliogopa mtasema ni laana."

"Tungesema," akajibu Mama Ghati. "Halafu tungeleta maji."

Akaenda kuchukua ndoo yake. Kabla ya mchana wanawake wa nyumba za karibu walikuwa wanapokezana kwenda kisimani.

Niliporudi nilimsimulia Mhandisi yote. Aliandika kidogo, akaniambia nirudi kazini. Mvua zilipoanza nikasikia Bwana Mifugo amehamishiwa Tarime, huku kwetu juu ambako asubuhi watu huota moto. Mhandisi hakulitaja jambo hilo kamwe, nami sikumuuliza.

Nimestaafu sasa. Vijana wa siku hizi wana vipimo vinavyosoma gesi kwa namba, nami nawaonea wivu. Wakija kuniuliza juu ya kazi, nawaambia kabla hujashika bisibisi uliza ni nani analala katika chumba hicho.

Neema alikua, akawa mwalimu. Alinialika harusini kwake, milimani, mwezi wa saba, ibada ikapangwa alfajiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa. Wageni tulijikunyata katika makoti na mablanketi, na yeye alipita katikati yetu kwa gauni la mikono mifupi, anacheka.