Anwani ya Mama Mapovu

Kwa miaka sita Mama Mapovu alitengeneza sabuni ya maji katika chumba cha uani, bila kibao wala risiti. Wateja walikuja na chupa zao, wakabisha mara mbili, wakangoja. Aliyebisha mara tatu alijibiwa na ukimya.

Ndipo zahanati ikataka lita mia kila mwezi, kwa sharti moja: alete cheti cha usajili wa biashara kabla ya Ijumaa kwisha.

Alienda ofisini roho juu. Fomu haikumtisha mpaka mstari wa tano: mahali biashara ilipo. Leo wananiandika, aliwaza, kesho wanakuja na lori. Alishaliona lori hilo la halmashauri likibeba majiko ya jirani. Akaandika nyumba ya wifi yake, upande wa pili wa soko. Hakumwambia hata wifi mwenyewe. Angemwamini nani?

Jumatano akaitwa. Karani akamsogezea fomu yenye muhuri mwekundu: mwombaji hajulikani.

"Mkaguzi alikwenda, mama. Kuna mtu alichungulia mlangoni, akaapa hakujui, na kwamba kwake hakuna sabuni hata ya kuogea."

Mama Mapovu hakuweza kumlaumu wifi. Angekuwa yeye, angeapa vivyo hivyo.

"Sasa unatengenezea wapi? Hewani?"

"Huyo mkaguzi huja na gari gani?"

"Gari! Anakuja na miguu yake, mama, tena ina malengelenge."

"Akishaandika, karatasi inakaa kwa nani?"

"Kabatini. Lile pale."

Akalitazama. Milango ilikuwa wazi, mafaili yamemwagika hadi sakafuni, moja limewekewa kikombe cha chai. Watu wasioliona faili miguuni mwao, watamwona yeye?

"Nyuma ya mashine ya kusaga," akasema polepole. "Mlango wa bluu. Mwambie abishe mara mbili."

Alhamisi alfajiri, kati ya mapipa yake matano ya sabuni, alihamishia matatu kwa jirani. Mkaguzi akaja, akabisha mara mbili, akakuta mapipa mawili, akaandika mawili, akaomba maji ya kunywa. Mama Mapovu akampa, kisha akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Hakukuwa na lori.

Cheti alikichukua Ijumaa saa nne, akakipeleka zahanati mbio mbio. Mapipa matatu aliyaacha kwa jirani wiki nzima zaidi.