Karatasi ya Mwenye Lori

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni mjini Mpanda. Shule ikifunga, sisi wa njia ya Inyonga tulipandishwa lori la kukodi, tukakaa juu ya mizigo. Siku hiyo niliona tairi la nyuma limekwisha hadi nyuzi zinaonekana. Nikamwambia dereva. Akacheka: "Wewe binti, umesomea ufundi?"

Tairi lilipasuka porini, lori likalala ubavu. Nilivunjika mkono wa kulia.

Siku ya tatu mwenye lori alikuja wodini na soda na karatasi. Alikuwa akisali kanisa moja na baba. "Mzee, ni fomu ya hospitali tu. Weka dole gumba hapa."

Baba akanyoosha mkono. Mama, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, akaidaka ile karatasi. "Tangu lini fomu ya hospitali ikaletwa na mwenye gari?" Akanipa mimi. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Ilisema wazazi wanakubali dereva hana kosa, na hawatadai chochote polisi wala mahakamani. Mwenye lori akasema nimesoma vibaya. Alipotoka, mama aliimwaga soda dirishani.

Kesho yake mama alikwenda polisi, ambako lori lilikuwa limevutwa. Alirudi amekunja uso. "Ulisema tairi limekwisha. Mbona yote ni mapya?"

Aliniangalia kama alivyomwangalia yule mwenye lori. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Akarudi tena polisi. Askari wa trafiki aliyefika kwenye ajali akamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, mimi niliandika nilichokikuta kule porini, kabla matairi hayajabadilishwa. Subiri mahakamani." Mama hakumwamini hata yeye. Alibaki Mpanda kwa dada yake, na kila Jumatatu alikwenda kuuliza kama jalada la kesi bado lipo.

Lilikuwepo. Taarifa ya yule askari ilisomwa mbele ya hakimu, na dereva akatiwa hatiani. Hukumu hiyo ndiyo tuliyoipeleka kudai fidia kwenye kampuni ya bima ya lori. Walituzungusha karibu miaka miwili, mwishowe wakalipa.

Shule iliendelea kukodi malori ya yule bwana. Mimi kila likizo nilirudi nyumbani nyuma ya baiskeli ya mjomba, siku mbili njiani, na mama hakutaka kusikia habari ya lori lolote.