Kompyuta ya Doña Eduviges na Baba Yake wa Ubatizo

Hapa Oruro, Bolivia, kila kitu kina baba wa ubatizo, mtu wa kukisimamia na kukibariki, na anayebisha hajawahi kukaa Oruro. Keki ya harusi ina wake, bendi ina wake, bia nayo ina wake, na huyo wa bia ndiye anayeshangiliwa kuliko wote. Duka la viatu lililo jirani na kwangu lina mama wa ubatizo wa mlango, mwanamke mwenye majivuno ambaye hadi leo akipita anasimama kuukagua kama umepakwa rangi. Kwa hiyo doña Eduviges Villca alipoinunulia karakana yake ya kudarizi kompyuta, hakuna aliyeshangaa kusikia anaitafutia baba wa ubatizo. Kilichomponza ni mtu aliyemchagua.

Alimchagua don Hermógenes Ticona, mjane, mpiga tarumbeta kubwa la besi, mtu mpole mwenye mashavu kama maandazi na akili isiyopenda kukimbizwa. Alimchagua kwa sababu alimpenda. Tuseme hivyo mapema, tusizungushane. Alitaka tu awe na sababu ya kumwona mara kwa mara, na kichwa chake siku hiyo hakikufika mbali zaidi ya hapo. Don Hermógenes akaja amevaa suti, akaimwagia kompyuta bia kama desturi inavyotaka, akairushia vipande vya karatasi za rangi, kisha akamgeukia mwenye kompyuta, akamkumbatia na kumwambia, "Komadre."

Hapo ndipo doña Eduviges alipotambua alichojifanyia. Mzazi na baba wa ubatizo wakishakuwa komadre na kompadre, basi ni ndugu. Watasaidiana, watakopeshana sufuria, watazikana, lakini wakithubutu kupendana mtaa mzima utasema mvua ya mawe inayoharibu viazi imeletwa na wao. Msiniambie kwamba kompyuta si mtoto. Nendeni mkawaambie wauza viazi.

Basi miaka ikaenda. Kila alasiri don Hermógenes alifika na api ya moto, kile kinywaji cha mahindi, na pastel mbili, sambusa za jibini, akaketi kwenye kigoda kando ya kompyuta, akaipigapiga kidogo kichwani.

"Mtoto hajambo, komadre?"

"Hajambo, kompadre. Jana alikwama, nikamzima nikamwasha."

"Ndo ukuaji huo."

Halafu walitazamana, wakakumbuka, wakaitazama kompyuta. Nimewaona kwa macho yangu, na nakiri walikuwa wananitia hasira.

Mwaka huu karnivali ilipokaribia, kikundi kimoja cha ngoma ya morenada kikampa doña Eduviges kazi ya majoho yake yote, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Michoro ya mazimwi na vyura ikaletwa kwa barua pepe. Kompyuta ikakataa kuifungua. Akaizima, akaiwasha, akaibembeleza, akaitukana, wapi. Akamwita Zulma Lazarte.

Zulma ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya soko, na subira kwake ni kitu cha kuazima. Alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima akiguna. Mwisho akageuza kiti.

"Sikiliza, doña Edu. Michoro hii inataka programu mpya. Programu mpya inataka mfumo mpya. Mfumo mpya hauitaki kompyuta hii. Nimejaribu kuuingiza, umenijibu kwa adabu kabisa kwamba chipu hii ni ya kizamani mno."

"Si uulazimishe?"

"Ukiulazimisha utaingia unanuna. Halafu kuna huyu hapa." Aliinyooshea kidole mashine ya kudarizi, dubwana lenye sindano nyingi lililojaza nusu ya chumba. "Hebu tazama waya wake. Mpana kama kitana. Nikikuletea kompyuta mpya yenye mfumo mpya, michoro itafunguka vizuri, lakini tundu la waya huu haina. Na hata nikiunga waya kwa ujanjaujanja, waliotengeneza mashine hii walishaacha kuandika programu ya kuitambulisha kwa mifumo ya sasa. Itakaa hapo kama kabati."

"Kwa hiyo kompyuta ndo inakufa?" doña Eduviges aliuliza, na moyo wake ukaruka kwa furaha kiasi kwamba aliona haya, akajifanya anakohoa.

Maana hesabu ilimjia papo hapo. Kompyuta ikifa, hakuna mtoto. Hakuna mtoto, hakuna komadre. Lakini kompyuta ikifa, na mashine ya kudarizi imekufa pamoja nayo, na yeye anaishi kwa mashine ile. Ama mkate wake, ama mtu wake.

"Nani kasema inakufa?" Zulma alisema, akijivuna kidogo. "Inabaki hapohapo na mfumo wake uleule wa zamani. Naing'oa kwenye mtandao isije ikaambukizwa maradhi, kazi yake iwe kuongea na mashine tu. Ile mpya inafungua michoro na kuigeuza iwe ya lugha ya kizamani. Wewe unaibeba kwa flashi kutoka huku kwenda huku. Hatua mbili. Umepona."

Mwingine angemrukia na kumbusu. Doña Eduviges alikaa chini.

"Na itaishi muda gani?"

"Chuma hiki? Nikiibadilishia feni, miaka na miaka."

"Miaka!" alilia doña Eduviges, kwa sauti ya kwenye matanga.

Wakati huohuo don Hermógenes akaingia na api yake. Akaelezwa. Alisikiliza polepole, kama anavyosikiliza kila kitu, na jinsi alivyokuwa anaelewa ndivyo mashavu yake yalivyokuwa yananywea.

"Miaka?" aliuliza.

"Na miaka, kompadre. Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru, komadre," alisema don Hermógenes, na pastel ikamtoka mkononi ikatumbukia kwenye api. Wakapongezana kwa kupeana mikono, nyuso zimewashuka kama waliotoka kuzika. Zulma aliwatazama mmoja mmoja, akafunga mkoba wake akaenda zake.

Kesho yake doña Eduviges alimfuata kibandani. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamwishia mlangoni.

"Zulma, mwanangu, hivi... hakuna namna ya kompyuta kufa halafu mashine ikabaki hai?"

Zulma aliweka bisibisi mezani kwa kishindo. "Nyie wawili mna nini lakini? Yule mwenzio kaja hapa jana jioni, kavua kofia, ananiuliza eti kompyuta inaweza kufa bila kupata maumivu."

"Nani?"

"Huyo kompadre wako! Ananiuliza mtu akiteleza kwa bahati mbaya na kikombe cha api, itakuwaje. Nikamwambia nitamtoa humu na tarumbeta lake shingoni. Halafu kabla hajatoka ananiambia, 'Lakini mashine ya kudarizi isiguswe, fundi. Bora huyu mtoto aishi milele kuliko komadre akose kazi.' Karibu alie. Mimi nina printa za watu zinanisubiri hapa."

Doña Eduviges hakusikia habari ya printa. Aliketi juu ya sanduku la nyaya, akacheka peke yake, akajifuta macho kwa shali, akacheka tena. Alikuwa na furaha ya kipumbavu na hakujali nani anamwona. Halafu akasimama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mpango.

"Siku ya ubatizo, bia ilimwagwa juu ya sanduku la nje. La bati. Muuzaji alikuwa anapiga kelele kwamba ndani pasiingie tone."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyebatizwa ni nani? Bati, au vya ndani?"

"Mama, mimi nilisomea umeme. Upadri sikusomea."

"Jibu tu."

Zulma alitaka kumfukuza, lakini ni fundi, na fundi akipewa swali lenye vipande vipande hawezi kulala. Akakuna kichwa kwa bisibisi. "Haya. Skrini ya siku ile iko wapi?"

"Ilikufa zamani. Kompadre alivaa kitambaa cheusi mkononi."

"Kibodi?"

"Ilikuwa bado kwenye boksi lake siku ya bia."

"Diski niliibadilisha mwenyewe ile mara ya umeme mkali. Kwa hiyo limebaki sanduku, na bodi ya ndani. Ikiwa bodi ni safi, naihamishia kwenye sanduku jingine na mfumo wake uleule. Mashine haitajua tofauti. Na lile bati..." Alimtazama doña Eduviges. "Lile bati ndiye mtoto."

Walikwenda karakanani karibu kwa kukimbia. Zulma akafungua skrubu, akavuta ubavu wa kompyuta, wote wawili wakachungulia. Doña Eduviges akapiga yowe. Ndani kulikuwa na vipande vya karatasi za rangi, vyekundu, vya njano, vimepenya kwenye matundu ya hewa siku ile ya sherehe na kulala humo miaka yote. Viwili vilikuwa vimenata kwenye bodi yenyewe.

"Baraka imeingia ndani!"

"Karatasi si bia," alisema Zulma.

"Una hakika?"

"Kwani mtu akirushiwa karatasi kichwani anakuwa kabatizwa? Mwaka jana wakati wa karnivali nilirushiwa gunia zima. Nina baba wangapi mimi?" Akachukua kipulizio chake akavipeperusha, vikaenda kutua kwenye nywele za doña Eduviges, naye akavipangusa haraka kama vinauma. Kisha Zulma akainama tena, akakunja uso.

"Nini tena?"

"Feni ina doa."

"Doa la nini?"

Zulma akanusa. "Bia."

"Mungu wangu."

"Si nilishasema tangu jana kwamba feni inabadilishwa? Tulia, mama. Inakwenda na bati." Akaichomoa, akaitupa ndani ya sanduku kuukuu, na kwa jinsi alivyoitupa ungedhani naye sasa ameanza kuamini.

Bodi ikahamia kwenye sanduku jipya jeusi lisilo na cheo wala ukoo. Jirani mmoja alipochungulia dirishani na chupa ya bia mkononi, kwa nia njema tu, doña Eduviges alimfokea hadi mtu akarudi kinyumenyume. Sanduku lile lingekuwa yatima na lingebaki yatima. Zulma akaunganisha waya mpana, akaleta mchoro kutoka kompyuta mpya kwa flashi, akabonyeza. Mashine ya kudarizi ikatetemeka, ikawaza, ikaanza kutoa jicho la zimwi kwa uzi wa dhahabu. Mashine haina dini, nashukuru kwa hilo.

Doña Eduviges hakungoja hata jicho la pili. Akajifunga shali nyeusi, akalibeba lile bati tupu kifuani, na kupandisha mtaa hadi kwa don Hermógenes, ambaye alikuwa uani akifanya mazoezi ya besi kwa huzuni kiasi kwamba mbwa walikuwa wameondoka. Alipomwona na mzigo ule, tarumbeta likatoa mlio wa kukata roho, likanyamaza.

"Kompadre," alisema doña Eduviges. "Mtoto wetu katutoka."

Don Hermógenes alichungulia ndani ya sanduku. Kulikuwa na feni moja yenye doa. Kitu cha kwanza alichouliza, na ndiyo sababu mimi nimemsamehe upole wake wote, kilikuwa, "Na mashine?"

"Inadarizi. Vya ndani vimehamia kwenye sanduku jingine. Halijabatizwa. Na atakayelisogelea na bia atanijua mimi ni nani."

Don Hermógenes alianza kuwaza. Ungeweza kuona wazo likipanda taratibu kutoka shingoni.

"Kwa hiyo sina mtoto."

"Huna."

"Na kama sina mtoto, basi wewe si..."

"Si."

Aliliweka tarumbeta chini. Akavua kofia, akaivaa, akaivua. Akafungua mdomo.

"Kom..." alianza, akajishika.

Doña Eduviges alimngoja, amelikumbatia bati.

"Eduviges," alisema don Hermógenes, na masikio yakamwiva mekundu kama amesema jambo la aibu mbele za watu.

"Sema tena."

"Eduviges."

Dirisha la ghorofani likafunguliwa. Jirani, aliyeshtushwa na ukimya wa besi, akatoa kichwa, akaona shali nyeusi, akaona sanduku, akajipiga ishara ya msalaba.

"Jamani, don Hermógenes! Nani kafa?"

"Mwanangu!" alijibu don Hermógenes, akicheka hadi akashindwa kusimama.