Siku Kidato cha Kwanza Walipogoma Kuuza Korosho

Mimi nimezaliwa Masasi, na subira sikujaliwa. Nilipohamishiwa sekondari moja huku Newala kufundisha Kiingereza, nilivumilia wiki chache tu kidato cha kwanza wakinitumbulia macho, kisha nikavuruga madawati yote. Watoto wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kimakonde, halafu ghafla mtu anawamwagia Kiingereza tangu asubuhi. Ulitaka wajibu nini?

Nikaligawa darasa vituo vinne. Kona moja wanasoma hadithi, nyingine wanasikiliza mazungumzo kwenye simu yangu, ya tatu ni duka la maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai, ya nne mnada wa korosho. Nikipuliza filimbi, kila kundi linahamia kituo kinachofuata. Jamani, darasa lilichangamka! Nilikuwa natoka sauti imekauka, lakini natembea huku nacheka peke yangu.

Mkuu wa shule hakucheka.

"Mwalimu, darasa lako linasikika mpaka barabarani," aliniambia. "Kesho nakuja kuangalia. Nikikuta vurugu, madawati yanarudi kwenye mistari, na wewe unarudi ubaoni kama wenzako."

"Sawa, Mkuu," nikajibu.

Kesho yake nikawaonya wanafunzi: leo filimbi ikilia, kuhama kwa adabu. Mnunuzi mnadani nilikuwa mimi. Kundi la wakulima lilikuwa na kikapu cha korosho ghafi, na kadi mbili nilizowaandikia, ya kukubali bei na ya kukataa. Msemaji wao alikuwa msichana mmoja mpole sana, ambaye tangu aanze shule Kiingereza changu alikuwa akikijibu kwa kutikisa kichwa tu. Nikatangaza bei yangu, ndogo makusudi, niwachokoze.

Yule msichana akasimama.

"No, Madam! We refuse!"

Nilitaka kumkumbatia! Lakini muda wa kituo ulikuwa umekwisha, nikapuliza filimbi. Hakuna aliyenyanyuka. Nikapuliza tena, mashavu yakaniuma. Wapi! Hapo ndipo nilipoona nilivyojichanganya. Hawa wamewaona wazazi wao wakishinda juani kwenye chama cha msingi cha wakulima, bei inasomwa, inakataliwa, na watu hawabanduki mpaka ieleweke. Nani anaondoka mnadani bei haijakubaliwa? Na mimi, mtoto wa mkulima, eti nawapulizia filimbi!

Wale wa vituo vingine ndio wakanimaliza kabisa. Wasomaji wakaacha hadithi, wenye duka wakafunga duka, wa simu wakaiacha ikiongea peke yake, wote wakaja kusimama na wakulima wenzao. Wakanivamia kwa Kiingereza. Korosho zetu kavu! Tumepulizia dawa, tumepalilia, wewe ulikuwa wapi? Kilipinda hapa na pale, aliyekwama neno jirani akampa, lakini kilitoka kama maji.

Kisha wote wakatazama mlangoni kwa mpigo. Nikageuka. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Nikajua yamekwisha. Madawati hovyo, darasa zima limejazana kona moja, na mwalimu ana filimbi mdomoni. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Yule msichana akanitangulia. Akapiga goti kidogo, akamuuliza Mkuu kwa Kiingereza, polepole, kama yeye bei hii anaikubali.

Mkuu naye ana mikorosho yake upande wa Tandahimba. Akaniuliza, kwa Kiingereza, bei yenyewe ni ipi. Nikaitaja. Akaokota korosho moja kikapuni, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza kama imekauka. Kisha akasogeza wanafunzi wawili, akakaa katikati yao kwenye benchi la wakulima.

"We refuse," akasema.

Darasa lililipuka! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikachukua chaki, nikapandisha bei.