Ubani Juu ya Tofi

Leo mjukuu wangu kaunguza tofi ya Sikukuu, mimi nikalia. Nkamwambia ni moshi.

Nyinyi nawaambia kweli.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, hapa hapa Mji Mkongwe. Baba keshachukuliwa na askari, hatujui yuko wapi. Mama kapata sukari ya magendo, na ukikutwa nayo ni kesi. Kasema liwalo na liwe, wanangu watakula tofi ya Idi.

Lakini sukari ikiiva jikoni, mtaa mzima unanusa! Mama akataka kuificha harufu kwa moshi wa udi.

Udi umekwisha.

Akatia ubani chetezoni.

Kwetu udi wa harusi, ubani wa maiti. Mshaelewa?

Mara jirani yetu Bi Zuhura huyo, na wanawake wawili nyuma yake, kanga kichwani, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Mungu amrehemu mumeo."

Mwiko ukamtoka mama mkononi. "Nani kakwambieni?"

Wao walidhani mama kaletewa habari. Mama akadhani wao ndio wanazo. Hakuna aliyengoja kuuliza, nyumba nzima ikaangua kilio. Tofi ikawa mkaa.

Baadaye ndipo wakafahamiana. Hakuna aliyecheka, na nyinyi msinicheke.

Baba hakurudi. Hatukuletewa mwili, wala hatukuambiwa siku.

Matanga yake yote ndiyo yale, mbele ya sufuria iliyoungua.