Siku Niliyoipa Fayawoli Mpya Ukubwa

Jamani, haya ninayowasimulia hata mke wangu hajayasikia yote, na nikiyakumbuka masikio bado yanapata moto. Mimi ni fundi mtandao wa hospitali moja ndogo hapa Rusimbi, na siku hiyo tulikuwa tumepokea fayawoli ya pili (kile kiboksi kinachokaa mlangoni mwa mtandao kuzuia wavamizi), ili ya kwanza ikifa, mwenzake ashike kazi papo hapo. Ningeweza kuifanya kimyakimya wagonjwa wakishapungua, lakini nikataka sifa, nikamwalika matroni wetu, Sista Dafroza, pamoja na wakuu wa idara waje saa nne asubuhi wanione nikichomoa waya na mtandao usizime.

Sasa, vifaa hivyo ukiviunganisha, kimoja lazima kiwe mkubwa, na mdogo ananakili mipangilio yote ya mkubwa. Nikaitazama ile mpya inavyong'aa, nikaipa ukubwa (msiniulize kwa nini), nikabonyeza, nikawageukia wageni wangu nikitabasamu. Ile mpya, ambayo ndani haikuwa na kitu, ikamwaga utupu wake wote kwenye ya zamani. Waya wenyewe nilikuwa hata sijaugusa.

Mapokezi wakaanza kulalamika kwamba majina ya wagonjwa hayafunguki, foleni ikafika nje, na daktari akatoka chumbani mbio.

"Nani amezima? Daktari bingwa wa Mwanza alikuwa ananitajia dozi ya mtoto kwa video."

Mama wa yule mtoto, mtu wa Buzebazeba, alikuwa nyuma yake amembeba mwanawe, ananitazama tu. Nilitamani sakafu inimeze.

Sista Dafroza akampa daktari simu yake ampigie bingwa, dozi ikapatikana, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ndicho hiki ulichotuitia?"

Nakala ya mipangilio sikuwa nayo. Nikampigia Mzee Hamisi, fundi aliyenitangulia, sasa amestaafu yuko kwake Kasingirima.

"Shikamoo, Mzee. Nimeunganisha fayawoli ya pili, mtandao wote umezima."

"Marahaba. Umeipa mpya ukubwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Usijali, hata mimi niliwahi kufanya hivyo, nikazima ofisi nzima Kasulu. Nakuja."

Akaja na bajaji, flashi mfukoni ikiwa na nakala aliyoiweka kabla hajastaafu, na kufikia adhuhuri majina yakafunguka. Yule mama akapita na mtoto wake aliyeanza kuchangamka, akasema, "Pole na kazi, baba," na hiyo pole ilinichoma kuliko maneno yote ya daktari.

Jumapili tukarudia, mimi na Mzee peke yetu, ya zamani ikiwa mkubwa na nakala mbili pembeni, ikakubali mara ya kwanza. Tukaenda kula migebuka, samaki wa huku kwetu, mimi nikilipa kwa furaha. Tangu hapo nimeapa: nakala kwanza, halafu kazi, na watazamaji sialiki tena.